Chane ya Mama Anyisile

Mkufunzi alipoanza kueleza sehemu kwa mara ya tano, Mwalimu Sekela Mwambipile aliikalia mikono yake. Aliikalia kwelikweli, viganja vikiwa chini ya mapaja, kwenye kiti chake cha nyuma ya darasa, maana mikono hiyo ilikuwa na tabia ya kukimbilia chaki bila ruhusa.

"Sehemu," ilisema sauti kutoka kwenye kisanduku kilichopachikwa juu ya ubao, sauti tamu isiyowahi kupata mafua, "ni uhusiano kati ya kiasi kilichochaguliwa na kiasi kizima kilichogawanywa kwa usawa. Nani atanipa mfano?"

Watoto sitini na wawili wa darasa la tatu walitazamana. Nje mvua ya Rungwe ilikuwa ikinyesha kama kawaida yake, bila haraka na bila dalili ya kuchoka. Hakuna aliyekuwa na mfano.

Kila mtoto alikuwa na punje nyuma ya sikio. Ndivyo walivyokiita kile kidude, kwa kuwa kilikuwa na ukubwa wa punje ya mahindi. Punje ilihisi kilichokuwa kikiendelea kichwani mwa mtoto na kupeleka habari kwenye skrini iliyotundikwa ukutani kando ya Sekela. Mtoto asiyeelewa alionekana kama nukta nyekundu. Akielewa, nukta yake iligeuka kijani papo hapo, hata kabla mwenyewe hajanyoosha kidole. Asubuhi hiyo ya Alhamisi skrini nzima ilikuwa nyekundu, na ilikuwa siku ya tisa.

Sekela alikuwa amefundisha miaka kumi na minane kabla ya Mkufunzi kuletwa. Siku hizi, katika Darasa la Kawaida, kazi yake ilikuwa kuita majina, kutuliza kelele na kupangusa makamasi. Waraka wa mradi wa Mkufunzi ulisema wazi kwamba mwalimu asiongeze neno lake kwenye somo, wala asilifafanue baadaye, asije akavuruga vipimo. Aliusoma waraka huo mara mbili, akausaini, kisha akaamua kwamba muda wa uji si muda wa somo. Hakumwomba mtu ushauri kuhusu hilo.

Kwa hiyo kengele ya uji ilipolia na watoto walipojazana barazani na vikombe vyao, aliwavuta karibu kumi na tano waliokuwa wamesimama jirani na Anyisile, msichana mwembamba aliyependa kuuliza "kwa nini" mpaka watu wazima wakamkimbia. Anyisile alikuwa amebeba ndizi za kuchoma kutoka kwao, na tayari alikuwa akiwamegea wenzake, maana kula peke yako mbele za watu huko kwao ni aibu ambayo hata mtoto wa miaka mitatu anaijua.

"Haya, nisikilizeni," Sekela alisema. "Mama Anyisile amekata chane ya ndizi, ina ndizi kumi na mbili. Ana watoto wanne na hana upendeleo. Kila mmoja ana ngapi?"

"Tatu," walisema.

"Jana mmoja alikwenda kwa bibi, hakurudi kula. Waliofika mezani ni watatu kati ya wanne. Namba ya chini ni watoto aliowazaa mama Anyisile, namba ya juu ni waliofika kula. Hiyo ndiyo robo tatu. Zimeliwa ndizi ngapi?"

Anyisile alisimama na ndizi mkononi, midomo ikihesabu bila sauti. "Tisa," alisema. Halafu akaongeza, kwa mshangao wa mtu aliyeonewa, "Kumbe ni hivyo tu?"

Sekela hakuhitaji skrini kujua kwamba nukta zilikuwa zikigeuka. Alijisikia vizuri, tena vizuri sana, kama mtu aliyeiba kitu kilichokuwa chake.

*

Jumatatu iliyofuata, alasiri, alikuwa jikoni kwake akimenya ndizi za chakula cha mchana kilichochelewa, na binti yake Tusekile alikuwa mezani akifanya kazi za shule kwa sauti.

Tusekile naye alikuwa darasa la tatu, lakini ghorofani, katika Darasa la Vipaji, watoto ishirini na wawili na viti vyenye migongo. Mwaka mmoja uliopita alikuwa mtoto wa kuumwa tumbo kila asubuhi. Kelele za darasa kubwa zilimtisha, akakaa kimya mpaka walimu wakamsahau, na Sekela alikuwa akimpeleka shuleni kwa kumburuta huku naye akilia moyoni. Mchujo wa mwaka jana, ule unaoamua nani apande ghorofani, ulimpandisha. Tangu hapo aliamka kabla ya mama yake, akajipaka mafuta mwenyewe, akaimba njiani. Sekela angeweza kuvumilia mengi ili wimbo ule usikatike.

"Robo tatu ya ishirini," Tusekile alikuwa akisema. "Mama Anyisile ana watoto wanne, kila mmoja tano. Waliofika kula ni watatu. Kumi na tano."

Kisu kilisimama.

"Umesemaje?"

"Kumi na tano, mama. Nimekosea?"

"Hujakosea. Huyo mama Anyisile ni nani?"

Tusekile alimtazama kama vile kaulizwa jua ni nani. "Si mtu. Ni njia ya kupata sehemu. Mkufunzi anasema, ipitishe kwa mama Anyisile. Leo wote tumepita."

Sekela aliuliza Mkufunzi alikuwa ameeleza mara ngapi kabla ya hapo. Mara moja tu, alisema mtoto, huwa anaeleza mara moja, kisha wanaenda kwenye mambo mengine. Sekela aliuliza kama hakuwahi kuwaambia habari ya kiasi kilichochaguliwa na kiasi kizima. Tusekile alicheka. Kiasi gani hicho, mama?

Sekela alimaliza kumenya ndizi zile bila kujua anamenya. Siku tisa watoto wake sitini na wawili walikuwa wamezungushwa, na ghorofani mambo yalichukua dakika chache, kwa maneno yake mwenyewe aliyoyasema barazani akiwa na kikombe cha uji.

*

Mratibu wa mradi pale shuleni alikuwa kijana aitwaye Gwamaka, na jambo lililomfanya awe mgumu kuchukiwa ni kwamba Sekela ndiye aliyemfundisha kusoma. Jumanne asubuhi Sekela alipoingia ofisini kwake, kijana alisimama mara moja.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Funga mlango."

Sekela alimweleza alichosikia. Alitarajia akane, na kama angekana, pengine angemwamini, maana alitamani sana kumwamini. Gwamaka hakukana. Alivuta kiti, akaketi karibu naye, akaanza kufafanua kwa upole, akihakikisha anafuatwa, jinsi Sekela mwenyewe alivyokuwa akifanya zamani.

Kila somo, alisema, linaweza kuelezwa kwa njia nyingi, na hakuna mtaalamu wala mashine inayojua mapema ipi itaingia kichwani mwa mtoto. Lazima zijaribiwe. Mkufunzi huanza na njia zilizo dhaifu, kwa sababu mtoto anapopotea, punje huonyesha amepotelea wapi hasa, na hilo ndilo linaloisaidia mashine kutengeneza njia bora. Madarasa ya Kawaida ni mahali pa kujaribia. Njia ikishapatikana, hupelekwa Madarasa ya Vipaji ya shule zote mia nne za mradi.

"Na punje zinasikiliza hata wakati wa uji," Sekela alisema.

"Zinasikiliza muda wote. Tulijua unafundisha barazani, mwalimu. Mwanzoni nilitaka kukuandikia barua. Kisha tukaona mifano yako ni mizuri kuliko ya mashine, tukakuacha." Aliinamisha macho kidogo. "Yale ya mama Anyisile ni kosa letu. Mkufunzi hufuta majina yote ya watu. Jina lake la kwenye rejesta, Tabu Mwasanguti, lingefutwa. Lakini hakuna mtu huku anayemwita hivyo. Punje zilisikia mama Anyisile, mama Anyisile, kila siku, kwa watoto na kwa watu wazima, mashine ikadhani ni jina la kitu."

Sekela hakucheka. "Ijumaa ni mchujo. Mtapima nini?"

Gwamaka alimweleza huku akitazama meza. Mchujo ulipima muda ambao mtoto alichukua tangu somo lilipotajwa mara ya kwanza mpaka nukta yake ilipogeuka kijani. Waliokuwa wepesi walipanda. Na huu wa darasa la tatu ulikuwa wa mwisho: waliobaki walibaki hadi darasa la saba, na hakuna aliyewapima tena.

"Anyisile ametumia siku tisa," Sekela alisema. "Nane na nusu kati ya hizo mlikuwa mkimpoteza kwa makusudi. Halafu mnasema ni mzito."

"Mpishi huonja kwanza, mwalimu, ndipo apakue."

"Mpishi anaonja mwenyewe, Gwamaka. Haonjeshi watoto wa jirani mpaka wakatapika."

Kijana alikubali kwa kichwa, na Sekela aliona kwamba jambo hilo lilimuuma kweli. Lakini hakubadili msimamo. Alimweleza kilichobaki kama mtu anayesoma masharti. Vipimo vya shule hii vikivurugika, au maneno haya yakifika kwa wazazi kabla ya mchujo, mradi utaondoka na Darasa la Vipaji litafungwa. Watoto ishirini na wawili watarudi chini, na darasa lenye watoto themanini na wanne halitakuwa mahali pa mtoto kama Tusekile. Kwa upande mwingine, kulikuwa na nafasi moja ambayo mratibu aliruhusiwa kuijaza kwa pendekezo lake.

"Anyisile anaweza kupanda," alisema. "Nitaandika leo. Wewe acha tu mafunzo ya barazani mpaka Ijumaa, halafu saini fomu ya kuthibitisha kwamba madarasa yote mawili yalifundishwa sawa."

Sekela alisema atafikiri. Alipofika uani alijua kwamba mtu anayesema atafikiri ameshaanza kukubali, na alijichukia, ila hakurudi.

*

Jumatano na Alhamisi alikunywa uji wake peke yake ndani ya darasa. Mkufunzi alikuwa ameingia kwenye somo jipya, la kulinganisha sehemu, na skrini ilikuwa nyekundu tena. Watoto walimsubiri barazani. Aliwaona kupitia dirisha wakigeuka kutazama mlango, kisha wakirudi kwenye mazungumzo yao, kisha wakigeuka tena.

Alhamisi Anyisile alimfuata ndani. Aliamkia, akaitikiwa, akasimama mbele ya meza akiwa na kikombe.

"Mwalimu, kwa nini theluthi ni kubwa kuliko robo wakati tatu ni ndogo kuliko nne?"

Jibu lilikuwa fupi. Mama mwenye watoto watatu, mama mwenye watoto wanne, chane ni ileile, mtoto wa nani atashiba zaidi? Lilikuwa limemjaa mdomoni Sekela, na nyuma ya sikio la mtoto ile punje ilikuwa ikisubiri kulichukua.

"Mkufunzi atakueleza," alisema.

"Ameshaeleza. Sijaelewa. Labda mimi ni mzito." Alilisema bila huzuni, kama mtu anayetaja kimo chake.

Sekela alimwambia akamalizie uji wake. Mtoto alipotoka, mwalimu alifunika uso kwa daftari la mahudhurio, akakaa hivyo mpaka kengele ilipolia.

*

Ijumaa wazazi walijaa ukumbini, miamvuli ikichuruzika kwenye kona. Mwalimu mkuu, Ulimboka, alizungumza kirefu kuhusu maendeleo. Fomu ilikuwa juu ya meza ya mbele. Gwamaka alikuwa ameshasaini, na mahali pa mwalimu wa Darasa la Kawaida palikuwa wazi. Kalamu ilikuwa imewekwa hapo kwa adabu. Jina la Anyisile lilikuwa kwenye orodha ya wanaopanda. Sekela alikuwa amelitazama mara tatu.

Kabla Sekela hajasaini, mwalimu mkuu alitaka wazazi waone matunda. Akamwita mtoto mmoja wa ghorofani, na kwa kuwa alitaka kumfurahisha Sekela, alimwita Tusekile.

Yule mtoto ambaye mwaka jana asingeweza kutamka jina lake mbele ya watu watano alisimama mbele ya watu mia mbili, akachukua chaki. Aliulizwa theluthi mbili ya kumi na nane. Sauti yake haikutetemeka.

"Naipitisha kwa mama Anyisile," alisema. "Amezaa watatu, kila mmoja sita. Waliofika kula ni wawili. Kumi na mbili."

Wazazi walipiga makofi. Katikati ya makofi mwanamke mmoja alisimama safu ya nne, mrefu, kitenge kimefungwa kifuani, mikono imekomaa kwa shamba.

"Samahani, mwalimu mkuu. Mama Anyisile ni mimi."

Watu waligeuka. Alisema yeye amezaa wanne, si watatu, na angependa kujua jina lake limefikaje ghorofani wakati mwanawe yuko chini. Hakusema kwa ugomvi.

Gwamaka alinyanyuka haraka. Alieleza kwa tabasamu kwamba mashine huokota majina ya kawaida ya watu wa eneo na kuyatumia kama mifano, imetokea tu, na mama ahesabu kuwa ni heshima, jina lake sasa linatajwa katika shule mia nne. Ukumbi ulicheka. Mtu wa nyuma alisema mama Anyisile aandae karamu basi, maana watoto aliowazaa hawahesabiki. Hata yeye mwenyewe alicheka, akajifunga kitenge upya, akaketi.

Jambo likawa limekwisha. Hakuna aliyeshuku, hakuna aliyemtazama Sekela. Tusekile alikuwa amesimama ubaoni, vumbi la chaki vidoleni, akimtafuta mama yake kwa macho ili aone kama ameridhika. Mwalimu mkuu alimsogezea Sekela kalamu.

Aliichukua. Mkono wake ulikuwa mtulivu, na utulivu huo ndio uliomwogofya. Aliona jinsi ambavyo angeweza kusaini, na kesho kuamka, na mwaka ujao kusaini tena.

Aliilaza kalamu juu ya meza.

"Halikuokotwa," alisema. "Ni mimi niliyelitaja. Mama Anyisile, nilikuwa nawafundisha watoto wetu barazani, kwa sababu ndani wanafundishwa vibaya kwa makusudi."

Gwamaka alisema, "Mwalimu," kwa sauti ya chini, kama mwanafunzi anayeomba asiadhibiwe. Sekela aliendelea. Alisema darasa la chini ni la kujaribia, njia nzuri ikipatikana hupelekwa juu, kisha watoto wa chini huhesabiwa siku walizopotezwa na kuitwa wazito. Alisema hayo kwa sentensi tano au sita, bila kupamba.

Mama Anyisile alikuwa amesimama tena. Safari hii hapakuwa na kicheko popote.

"Ulijua lini, mwalimu?"

"Jumatatu nilishuku. Jumanne nikaambiwa."

"Leo ni Ijumaa."

"Ndiyo."

"Jana mwanangu alirudi nyumbani akaniambia yeye ni mzito. Sikujua kalitoa wapi neno hilo. Alikuja kwako?"

"Alikuja."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimrudisha kwa Mkufunzi."

 Mama Anyisile alikuwa akipanga swali lake, na Sekela aliliona linakuja, akajua kwamba hana pa kujificha.

"Siku hizo zote," mama Anyisile aliuliza, "ulikuwa unamfikiria mtoto wa nani?"

Sekela aligeuka akatazama ubaoni. Tusekile alikuwa ameshika tumbo kwa mikono yote miwili.

"Wangu," alisema.

Mama Anyisile alikubali kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu alilolitegemea na ambalo hata yeye angelitoa. Alipita katikati ya safu mpaka mbele, akavuta kiti cha mwalimu mkuu bila kuomba, akakigeuza kielekee kwa wazazi.

"Kaa hapa, mwalimu," alisema. "Anza mwanzo. Usiruke kitu."

Tusekile aliiweka chaki chini. Alitembea kando ya ukuta, akapita kwenye miamvuli, akatoka mlangoni bila kugeuka, akaingia mvuani. Sekela alimwona. Mwili wake wote ulitaka kumfuata, na watu mia mbili waliona unavyotaka.

Akaketi.